Milimita za Naomi

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili alinipa muuguzi niandike saa za vidonge vya Aubrey. Saa zenyewe tunazijua: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa, saa moja jioni. Hazitaki daftari. Nitaandika ya Naomi.

Leo nimekata plastiki kwa mara ya kwanza maishani, nikaharibu vipande vinne. Aubrey alikaa ng'ambo ya meza ya jikoni, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki, akinielekeza kwa ile sauti yake ambayo siku hizi inabidi uiinamie ndipo uisikie.

"Usikate, Thel. Kwangua. Mara mbili tu, halafu vunja."

"Nivunje?"

"Vunja. Itajua yenyewe pa kukatikia."

Sikumwamini. Miaka thelathini na moja nimekuwa mpishi wa shule, na mpishi hafundishwi kuvunja vitu. Nikakwangua mara mbili, nikakunja, tak! Ukingo umenyooka kama wa rula. Nilicheka peke yangu, na mume wangu akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana.

Niandike mwanzo wake, nisije nikasahau nilijiingizaje humu. Naomi alikuwa kichwa cha treni cha mvuke kwenye machimbo ya mawe juu ya mji wetu wa Hebroyd. Wa aina yake alitengenezwa mmoja tu, na mwaka 1959 akakatwa vipande vikauzwa vyuma chakavu. Babake Aubrey ndiye aliyekuwa dereva wake. Hakuna duka linalouza mfano wake. Ukimtaka, umkate mwenyewe kutoka kwenye bamba la plastiki, ribiti kwa ribiti, vile vichwa vya misumari vinavyoshika mabamba ya chuma. Aubrey alianza miaka mitatu iliyopita, bandani nyuma ya nyumba. Akaunda fremu ya shaba, magurudumu na mota, kisha akaunda boila. Boila ndiyo kitu cha mwisho mikono yake ilichotengeneza kabla haijaanza kutetemeka.

Tangu hapo hajakanyaga chamani, kwa wenzake wanaounda treni ndogo. Miaka miwili na nusu hawaoni wenzake, nao hawamwoni, anakaa dirishani akiangalia mvua. Siku ya Krismasi akasema, "Nitarudi siku Naomi atakapokwenda." Halafu akaitazama mikono yangu.

Maonyesho ya chama ni Jumamosi, tarehe 5 Aprili. Wameijenga reli ndogo ya mfano wa machimbo kwa miaka kumi na moja, na kichwa chenyewe bado hakipo.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua. Sakafu ya kibanda cha dereva imekaa. Kidole nacho kimekatika kidogo.

Jumamosi, 11 Januari

Nilikwenda chamani kuazima picha ya Naomi. Ipo moja tu duniani. Wanakutana katika chumba cha nyuma cha kanisa la zamani, na kwa miaka ishirini mimi nimekuwa nikiwapikia chai siku ya maonyesho. Hivyo nilipoingia waliniuliza kama kuna tatizo na birika.

Picha inatunzwa na Bwana Desmond Thripp. Thripp ndiye yule anayerudisha kikombe akisema chai haijakolea. Akanipa picha kwa ncha za vidole.

"Tangi la ubavuni lina ribiti mia na kumi na mbili, Bi Ogden. Watu huweka mia na kumi. Si mia na kumi."

"Nani atazihesabu?"

"Mimi."

Nilipomsimulia Aubrey, uso wake ulifunga. Zamani walikuwa marafiki, siku hizi hawasalimiani, na sababu sijawahi kuambiwa. "Mwache Thripp na ribiti zake," akasema tu, akageukia dirisha.

Ijumaa, 17 Januari

Machungwa machungu yamefika sokoni, kwa hiyo jiko limegawanyika: upande mmoja jemu inachemka, upande wa pili ribiti. Ribiti hazibandikwi. Unalaza bamba kifudifudi, unalisukuma kwa ncha ya sindano kutoka nyuma, na mbele kinatokea kichunusi. Ukikosea kimoja, umekosa safu nzima. Leo nilifika cha tisini na sita, sufuria ikafoka, nikashtuka.

Bamba jipya. Ribiti ya kwanza.

Jumanne, 21 Januari

Mia na kumi na mbili. Pande zote mbili. Shingo imekauka.

Jumanne, 28 Januari

Leo boila imepanda mahali pake. Aubrey mwenyewe aliitoa kwenye kopo la biskuti, polepole, akikumbatia kopo kwa viganja viwili ili lisigongane na meza. Laini, nyeupe, nzito. Nzito hasa. Nikamwuliza ndani mna nini.

"Risasi. Vile vipunje vya kuzamishia ndoano. Plastiki ni nyepesi, Thel. Bila uzito magurudumu yatazunguka tu, mzigo hautaondoka. Nimeijaza tele, nikamimina gundi ya mbao ili visichezecheze, nikaziba."

Mshono wa chini hauonekani hata kwa miwani. Nilimwambia hivyo, naye akainama kuvuta soksi ambayo haikuwa na shida yoyote. Gundi ya plastiki hapa si gundi, ni kiyeyushi chembamba kama maji: unagusisha brashi, kinakimbilia ufani chenyewe, na vipande viwili vinakuwa kimoja. Nikagusisha. Sasa haitoki tena.

Naomi amehamia juu ya kabati, karibu na rejeta ya kupasha nyumba joto. Bandani kuna baridi sana kwa kazi yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Boila huwa na mikanda membamba inayoizunguka. Niliibandika minne juzi. Asubuhi nimekuta mmoja umefyatuka, umelala juu ya kabati kama ukucha. Nikajilaumu: mpishi wa shule, gundi kidogo mno. Nikabandika upya.

Ijumaa, 7 Februari

Umefyatuka tena. Na wa pili pia.

Aubrey alipoingia kuoga nikachukua kalipa yake, kile kipimo cha upana. Mchoro wake unasema boila milimita thelathini na mbili kamili, na Aubrey akiandika kamili ujue ni kamili. Nimepata 32.4. Nikapima tena: 32.4. Nikapima kijiko ili kuhakikisha kalipa haijaharibika, kana kwamba najua upana wa kijiko.

Jumatatu, 10 Februari

32.5. Sijamwambia. Nimwambie nini?

Jumamosi, 15 Februari

Nilimwambia Aubrey nakwenda kununua uzi, nikaenda chamani. Sijawahi kumdanganya kuhusu uzi. Nilimkuta Thripp peke yake akipanda miti midogo kando ya reli, mti mmoja mmoja, kwa kibanio.

"Bwana Thripp, nina rafiki yangu. Ametengeneza kichwa cha treni cha plastiki, ndani akatia risasi. Sasa kinavimba."

Akaweka kibanio chini.

"Rafiki yako alishikiza risasi kwa nini?"

"Gundi ya mbao."

"Ile nyeupe."

"Ile nyeupe."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Nikawa najiandaa kuchekwa. Badala yake akafungua kabati, akatoa kopo, akanimiminia mezani vitu vilivyopasuka: behewa, nusu ya tangi, boila iliyochanika, na ndani vipunje vimegeuka unga mweupe.

"Hivi ni vyangu," akasema. "Vitatu. Gundi ile inaila risasi, risasi inageuka unga, na unga unataka nafasi. Ni kama mkate ulioumuka, ila huu haukomi. Bandani kwenye baridi utalala miaka. Kwenye joto unaamka."

"Na dawa yake?"

"Kuikata boila yote, kuitupa, kuunda nyingine. Ukingoja itachukua na vingine vyote: matangi, kibanda, kila kitu." Akavikusanya vipande koponi. "Pole kwa rafiki yako, Bi Ogden. Mwambie mimi sina la kumsimulia mtu."

Nilitembea nyumbani kwenye manyunyu nikisahau kununua uzi. Joto. Ni mimi niliyemweka karibu na rejeta.

Jumapili, 16 Februari

Nimempeleka Naomi sebule ya mbele, ambako hatuwashi moto. Aubrey akauliza kwa nini. Nikasema mvuke wa jikoni utaharibu rangi. Uongo wa pili, na huu umekuja haraka kuliko wa kwanza.

Nikiikata boila, ninakata kitu cha mwisho alichokitengeneza. Tena nitamwambia kwamba alikosea, yeye ambaye chama kizima kilikuwa kikimfuata na maswali. Daktari alisema ugonjwa huu kwa wengine hugusa na akili. Tangu siku hiyo Aubrey husoma gazeti kwa sauti kila asubuhi, na najua anajipima. Nikimwambia umekosea, atasikia kitu kingine kabisa.

Na nisipoikata, itapasuka, na Jumamosi ya tarehe 5 atakaa dirishani.

Alhamisi, 20 Februari

32.7. Baridi imeupunguza unga mwendo lakini haujalala.

Jumatano, 26 Februari

32.8. Dohani, yaani bomba la moshi, na kuba vimekaa vizuri. Aubrey alitabasamu siku nzima. Bora angenuna.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya chapati za maziwa, mkesha wa Kwaresima. Aubrey alikula tano na ndimu na sukari, nyingi zilifika mdomoni, na tukacheka zile ambazo hazikufika. Halafu akasema, kama anayezungumza na sahani, "Nimekuwa nikifikiria. Nitavaa lile koti la bluu siku ya maonyesho."

Miaka miwili na nusu hajauliza koti liko wapi.

Nikaenda sebuleni nikasimama mbele ya Naomi. 32.9. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Bibi yangu angeniambia hivyo, na angeongeza kofi.

Jumanne, 11 Machi

Rangi ya kijani imekauka, na leo asubuhi nimekuta ufa. Mwembamba, unaanzia nyuma ya dohani, urefu kama wa punje ya mchele. 33.1. Nilipaka rangi juu yake. Ndiyo, nilipaka rangi, kama anayefunika bakuli ili asione kilichomo.

Ijumaa, 14 Machi

Ufa umerudi. Punje mbili. Saa tisa nikampa kidonge cha saa moja jioni, bahati akakiona. "Thel, kuna nini?" Nikasema nimechoka. Uongo wa tatu, ingawa huu ulikuwa na ukweli kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi Aubrey hakuoga. Nilisikia maji yakimwagika bafuni, nikaenda sebuleni kupima kama kawaida, nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni, ameshikilia fremu. Maji aliyaacha yatiririke ili nisijue.

"Leo ngapi?" akauliza.

Kalipa ilikuwa mkononi. Nikaitazama kana kwamba si yangu.

"Ngapi, kipenzi?"

"Thelathini na tatu nukta tatu."

Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Jana ilikuwa nukta mbili."

Nikakaa kwenye mkono wa kiti. Naye akaja kwa zile hatua zake fupi, akajitupa kando yangu, na mkono wake wa kulia ukawa unapigapiga goti lake kama unaobisha hodi.

"Ukishapima huwa huifungi," akasema. "Unairudisha kwenye droo ikiwa wazi, vile vile ilivyopima. Miaka arobaini nimekaa na kalipa, Thel, na sijawahi kuirudisha wazi. Mwezi mzima naifungua droo, nasoma. Thelathini na mbili nukta tano. Nukta saba. Katika nyumba hii kitu chenye upana huo ni kimoja tu."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Nikamwambia. Nilisema vibaya, nikilia, mwisho mbele mwanzo nyuma: kwamba ni mimi niliyemweka kwenye joto, kwamba boila ni mikono yake, kwamba sikutaka afikirie kichwa chake nacho kinakwenda. Nikamwambia hata la uzi. Na la Thripp.

Jina hilo likamfanya ainue uso. "Desmond alikuambia nini?"

"Kwamba gundi nyeupe inaila risasi. Kwamba naye vimempasukia vitatu."

"Hicho tu?"

"Na pole kwa rafiki yangu."

Aubrey akafumba macho.

"Alinionya," akasema. "Miaka mitatu iliyopita, chamani, mbele ya watu wote. Akasema, Aubrey, usitumie ile nyeupe, itakugeuka. Nikamwambia, wewe nenda kahesabu ribiti zako, uniachie mimi kazi za wanaume. Watu wakacheka. Yeye akachukua koti lake akaondoka. Nikarudi bandani nikaimimina ile ile nyeupe, chupa nzima. Nilijua alikuwa anasema kweli, Thel. Nikaimimina kwa ubishi."

Kwa hiyo hakusahau, na akili yake haikumponyoka. Alikuwa mbishi tu, kama nilivyomjua tangu ana miaka ishirini na mbili. Sikujua kama nicheke au nimpige na kalipa.

"Na Thripp alikuwa na nafasi ya kuniambia yote," nikasema, "na hakuniambia."

"Hakukuambia," akasema Aubrey. Machozi yakamtoka, nami nikamfuta kwa aproni, kwa sababu kitambaa alikuwa hawezi kukishika.

Jumanne, 18 Machi

Tumekata. Msumeno una meno madogo kuliko ya panya. Nilitakiwa kupita nyuma ya dohani, kisha mbele ya kibanda, kisha chini, bila kugusa tangi lolote, bila kugusa ribiti hata moja ya zile mia na kumi na mbili. Nikaulaza msumeno juu ya mstari, na haukutulia. Mkono ulikuwa unanitetemeka.

"Tazama," akasema Aubrey, "umeniambukiza... yaani nimekuambukiza."

Akauweka mkono wake juu ya wangu. Haukutulia, nitakuwa mwongo nikisema ulitulia. Lakini ulikuwa mzito, na uzito ulisaidia. Tukaenda hivyo, kidogo kidogo. Mara mbili msumeno uliruka. Mara moja ulikwaruza tangi, nikapiga kelele, akasema, "Kuna putti ya kuzibia, mama, endelea."

Boila ilitoka nzima. Hakutaka itupwe, na mimi nisingekubali. Tumeiweka kwenye dirisha la jikoni, kati ya mtungi wa jemu na kile kikaktasi cha miiba kisichokufa. Naomi amebaki na shimo tumboni, na zimebaki siku kumi na nane.

Alhamisi, 20 Machi

Kuunda boila: unalizungusha bamba kwenye fimbo nyembamba kuliko boila yenyewe, unalifunga na bendeji, unalimwagia maji yanayochemka, unaliacha lipoe. Nimekata mpini wa ufagio. La kwanza limekunjamana kama ngozi ya maziwa.

Ijumaa, 21 Machi

La pili limepinda upande.

Jumamosi, 22 Machi

La tatu lilikuwa zuri mpaka nilipolifungua. Aubrey kasema maji nimeyamwaga kwa woga. "Mwaga kama unamwagia chai watu mia nne." Hilo ninalijua.

Jumapili, 23 Machi

La nne. 32.0. Nimelipima mara sita. Halafu nikaifunga kalipa kabla ya kuirudisha.

Jumanne, 25 Machi

Kengele ililia saa nane mchana. Thripp, amelowa, na mkoba wa dukani. Nilikuwa nimempigia simu bila kumwambia Aubrey, nikaapa huo ndio uongo wa mwisho.

Wazee wawili wakatazamana ukumbini kama paka na paka.

"Aubrey."

"Desmond."

"Nimeleta risasi ya mabamba," akasema Thripp. "Unaikunja, unaingiza. Na gundi ya chupa mbili zinazochanganywa, ile inayokauka kama jiwe. Hailumbani na kitu."

Aubrey alivuta pumzi, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Ulisema kweli siku ile. Nami nilikuaibisha mbele za watu."

"Sikusikii," akasema Thripp.

Damu ilinipanda. Nilitaka kumtoa nje na mkoba wake. Lakini alikuwa anasogea, anainama, mkono nyuma ya sikio, na nikaona kile kidude cha kusaidia kusikia, kweli hasikii. Aubrey akalazimika kurudia, kwa nguvu zake zote, neno kwa neno, mpaka shingo ikasimama mishipa. Thripp alipolipata, akanyooka.

"Basi," akasema. "Chai ipo, Thelma?"

Ni mara ya kwanza kuniita Thelma. Nikampa chai iliyokolea mpaka kijiko kilisimama. Akainywa yote.

Jumapili, 30 Machi

Saa za nchi nzima zimesogezwa mbele kama kila mwaka msimu huu, tumepoteza saa moja tusiyoweza kuipoteza. Rangi ya pili. Mvua, mvua, na rangi haitaki kukauka kwenye unyevu. Nimemwekea Naomi sanduku la kadibodi na taa ndani. Kila dakika kumi nachungulia.

Jumatano, 2 Aprili

Alikataa kwenda. Naomi, si Aubrey. Waya umekatika kwenye mota. Thripp kaja, kaunga kwa lehemu, kaondoka bila kuvua kofia.

Ijumaa, 4 Aprili

Anakwenda. Mezani, mita moja mbele, mita moja nyuma. Koti la bluu nimelipiga pasi. Aubrey hakumaliza chakula.

"Nikishika swichi ya mwendo na mkono ukaanza," akasema, "kila mtu ataona."

"Wataona."

"Ungesema hawataona."

"Nimeshamaliza uongo wangu wa mwaka huu."

Jumamosi, 5 Aprili

Tulipanga zamu yake iwe saa sita kasorobo, kidonge cha saa tano kikiwa kimeingia. Ukumbi ulijaa, makoti yaliyolowa, harufu ya pai za nyama na mbaazi. Nilipita jikoni kwa mazoea, wanawake wa chai wakanisukuma nje: "Toka hapa, Thelma, wewe leo ni mhandisi."

Watu walimsalimu Aubrey kwa sauti ya juu mno, kama anayerudi kutoka safarini. Alijibu vizuri. Lakini nilikuwa nimemshika kiwiko, na nilisikia mtetemo ukipanda. Kidonge hakikuwa na habari ya umati.

Thripp alimweka Naomi relini, nyuma yake mabehewa kumi na moja ya mawe halisi, vipande vidogo kutoka machimbo yale yale. Aubrey akakaa, akashika swichi. Mkono ukaanza. Swichi ikaenda mbele, nyuma, mbele. Naomi akashtuka, akasimama, akashtuka tena. Mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, ka-ka-ka-ka. Watu wa mstari wa mbele wakaacha kuzungumza. Mtu mmoja akaangalia viatu vyake. Aubrey akanigeukia, uso mweupe, akaanza kunyanyuka ili anipe swichi, nami nikaona lile dirisha na mvua na miaka yote iliyobaki.

"Usiondoke hapo!" Ilikuwa sauti ya Thripp, na kwa kuwa hasikii vizuri huwa anapaza. Ukumbi mzima ulisikia. "Ndivyo alivyokuwa akianza! Nilikuwa na miaka sita, nimesimama kwenye ua wetu. Mzigo wa mawe hauondoki kama gari la maziwa. Babake huyu alikuwa akimshtua hivyo hivyo, mara tatu nne, mpaka minyororo yote ikaze. Endelea, Aubrey, mkaze!"

Aubrey akakaa. Akamkaza. Ka-ka-ka-ka, na behewa la kumi na moja likaitika, na Naomi akaondoka. Magurudumu hayakuteleza hata mara moja. Akapanda mwinuko, akapita daraja, akazunguka kona ya miti ile iliyopandwa kwa kibanio, na alipokwisha kushika mwendo mkono haukumsumbua tena. Mzigo wenyewe ulikuwa unamtuliza. Watu wakapiga makofi. Aubrey hakuondoa macho kwenye reli. Aliendesha dakika arobaini, zamu yake na ya mwenzake.

Sijui kama Thripp alisimama kweli kwenye ua wa nyumba yao akiwa na miaka sita. Sitamwuliza.

Baadaye alikuja akiwa na miwani ya kukuzia, akainama juu ya tangi muda mrefu. "Mia na kumi na mbili," akasema, akaenda zake.

Tulirudi saa kumi na moja. Aubrey alitangulia jikoni bila kuvua koti, nikamsikia akiniita. Boila ya zamani, pale dirishani, ilikuwa imepasuka tukiwa nje. Imefunguka kutoka mwanzo hadi mwisho, na unga mweupe umemwagika hadi kwenye kikaktasi. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba hiyo ndiyo mikono yake, na sasa imekwisha.

Lakini yeye alikuwa ameinamia vipande, pua inakaribia kugusa, akivigeuzageuza kwa kidole kinachotetemeka.

"Thel, lete miwani. Angalia imechanikia wapi."

Nikaangalia. Ufa ulipita juu, katikati ya bamba zima. Chini, pale alipoungia, hapakuwa na hata mstari.

"Mshono umeshika," akasema. "Plastiki ndiyo iliyoshindwa."

Alilisema tena alipokuwa akivua koti, na tena kwenye simu, kwa nguvu, akimwambia Desmond.